Sindano za pauni 60, ada za kampuni ya vifurushi KSh 7,366: nazipinga vipi?

MamaSweta_Uthiru

Hamjambo wenzangu. Mimi hufuma sweta za shule hapa Uthiru, mwaka wa kumi na moja huu. Mwezi wa Novemba mashine yangu kubwa ilianza kuruka uzi. Nilichomoa sindano moja moja nikaziangalia dirishani. Kila sindano ina ndoano nchani na kiulimi kidogo kinachofunguka na kufunga uzi ukipita. Kiulimi kikipinda hata kwa unene wa unywele, uzi unatoroka na sweta inafumuka mstari mzima, kutoka kifuani hadi kwenye pindo. Sindano 34 zilikuwa zimekwisha. Nimezunguka Biashara Street na River Road yote, hakuna. Fundi akaniambia niagize Uingereza.

Nikaagiza 60 kwa pauni 60, nauli ikiwa ndani ya bei. Kifurushi chenyewe kinatosha kwenye kiganja. Kilitua Nairobi Jumanne, niliona kwa namba ya kufuatilia mzigo. Kampuni ikanipigia simu Jumamosi asubuhi, kisha ikanitumia ankara hii:

VAT 1,661
IDF (ada ya tamko la uagizaji) 259
RDL (tozo ya maendeleo ya reli) 208
Ushuru wa forodha 0
Ada ya kutanguliza malipo 1,950
Ada ya kushughulikia nyaraka 2,600
Ghala siku 4, 1,800
VAT ya ada zao 1,016
Jumla KSh 9,494

Pauni walihesabu kwa shilingi 173, kwa hiyo mzigo wote ni wa 10,380. Kodi ya serikali naikubali, nchi inajengwa na kodi. Ila 7,366 ni za kampuni, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba zipo. Nimeuliza kwa simu, kijana wa upande wa pili akasema "ndivyo mfumo ulivyotoa, mama." Mfumo hauwezi kuwa jibu. Nina oda ya sweta 85 na shule zinafunguliwa Januari. Kila siku nikibishana, ghala linaongezeka 450. Je, nilipe kwanza nidai baadaye, au nikatae? Na nimwandikie nani?

Wakala_Mstaafu

Mama, pole sana. Nilifanya kazi ya kutoa mizigo forodhani uwanja wa ndege kwa miaka 14, kwa hiyo nakujibu kwa ninachokijua.

Ankara yako imechanganya pesa za wenyewe wawili, na hapo ndipo watu wengi hupotelea. Zile 2,128 ni za serikali na hesabu yake ni sahihi: VAT 16%, IDF 2.5%, RDL 2%. Usibabaishwe na anayekwambia RDL ni 1.5%, ilirudi 2% mwisho wa Desemba 2024. Kama ungekuwa unapinga thamani au kiwango cha ushuru, ungemwandikia Kamishna wa Forodha ndani ya siku 30, kifungu cha 229 cha sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini forodha haijakukosea. Usiende KRA (mamlaka ya mapato) kulalamikia ada za kampuni, watakurudisha ulikotoka na utakuwa umepoteza siku.

Omba kampuni vitu viwili kwa maandishi: nakala ya ingizo la forodha (fomu ya kutangaza mzigo kwa forodha) la mzigo wako, na stakabadhi ya malipo ya KRA yenye namba yake. Hizo zinaonyesha kiasi walicholipa kweli na tarehe waliyolipa. Tarehe ndiyo ya muhimu kwako. Kama walilipa Ijumaa, mzigo ulikaa Jumatano na Alhamisi kwa sababu yao. Nimeona ankara ambapo kodi iliyodaiwa mteja ilikuwa kubwa kuliko iliyofika KRA, na hakuna aliyekuwa ameomba stakabadhi.

Kisha omba orodha ya ada iliyokuwa ikitumika siku mzigo ulipotua. Wakishindwa kuionyesha, ile 2,600 haina mguu wa kusimamia. Ghala la siku ambazo hujajulishwa usilikubali kabisa. Mtu hawezi kuja kuchukua mzigo ambao hajaambiwa umefika.

Jirani_Donholm

Nitasema tofauti kidogo, na sisemi kwa ubaya. Kampuni ilitoa pesa yake ili mzigo utoke forodhani. Kuna mtu aliyekaa akajaza fomu, akatafuta namba ya bidhaa kwenye orodha ya ushuru, akajibu maswali ya afisa. Kazi hiyo ni ileile kwa sindano na kwa jenereta, ndiyo maana wana kiwango cha chini, na mzigo mdogo ndio huumia. Mara nyingi ada hizi zimeandikwa kwenye masharti ambayo mtumaji ameyakubali. Ukiagiza tena, muulize muuzaji kabla ya kulipa kama anaweza kutuma huku kodi na ada zote zimelipwa kwake. Bei itapanda, lakini utaijua ukiwa bado nyumbani.

Kuhusu ghala, hapo niko na wewe.

MamaSweta_Uthiru

@Jirani_Donholm nimekuelewa, na sikatai mtu alipwe kwa kazi yake. Mimi pia sipendi mzazi akiniambia sweta ni uzi tu. Lakini mzazi huijua bei yangu kabla sijamchukulia mtoto kipimo. Masharti aliyakubali mtumaji, mlipaji ni mimi, na mimi sikuonyeshwa hata mstari mmoja. Na kutanguliza 2,128 kwa siku chache kwa malipo ya 1,950, hiyo ni karibu pesa yenyewe.

Fundi_Redio_Luthuli

Dada, mimi nilipitia haya kwa spika mbili. Kosa langu lilikuwa kukataa kulipa chochote. Nilibishana wiki tatu, ghala likapita bei ya spika, mwisho nikaziacha. Usifanye hivyo.

Ondoa ghala kwa barua kwanza. Peleka barua mwenyewe, usitegemee simu. Chapisha nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea, urudi nayo. Ndani taja Ibara ya 46 ya Katiba, haki ya mtumiaji kupewa habari anazohitaji, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Mstari mmoja unatosha, usiandike hotuba. Halafu lipa kilichobaki uchukue sindano zako, na kwenye nakala ya risiti andika kwa kalamu "nimelipa huku nikipinga", weka sahihi na tarehe. Huyo wa kaunta atakuangalia vibaya. Mwache aangalie.

Wasipokujibu, peleka lalamiko Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, maana kampuni za vifurushi zinapata leseni kwao. Watakuuliza kama ulianza na kampuni, na muhuri ndio jibu. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Madai Madogo, hapo Milimani. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na unaweza kujisimamia bila wakili.

MamaSweta_Uthiru

Narudi na habari, siku sita baadaye.

Jumatatu nilienda ofisini kwao Mombasa Road na barua mbili. Msichana wa kaunta alisita kugonga muhuri, nikamwambia nitasubiri. Nilikaa kwenye benchi na ufumaji wangu wa mkono kwa muda wa saa mbili hivi. Akatoka msimamizi, mtu wa heshima, akasoma barua hapohapo akiwa amesimama. Nikamwomba stakabadhi ya KRA. Wakala, ulijua unachosema: imelipwa Ijumaa alasiri. Yaani ghala la Jumatano na Alhamisi walikuwa wananidai kwa siku ambazo wao wenyewe hawajalipa kodi.

Ghala limeondolewa lote, pamoja na VAT yake. Nimelipa 7,406 badala ya 9,494. Ile ya kutanguliza malipo nimeiacha. Inaniuma, ila walitoa pesa kweli. Ile 2,600 ya nyaraka sijaiacha. Orodha ya ada waliyonionyesha ilikuwa karatasi isiyo na tarehe, na nikaomba nakala nikanyimwa. Nimeandika kwenye risiti kama Fundi alivyosema, na jana nimepeleka lalamiko Mamlaka ya Mawasiliano nikidai 3,016, yaani 2,600 na VAT yake, nikiambatisha nakala yenye muhuri, risiti na picha ya namba ya kufuatilia mzigo inayoonyesha Jumanne.

Wakijibu nitaandika hapahapa. Sindano 34 zimeshaingia, zilizobaki nimezifunga kwenye kitambaa chenye mafuta. Sweta ya kwanza ni ya kijani, saizi 28, na haijaruka uzi hata mara moja.