Naomba ushauri: nafasi mbili zinazopachikana, mbona haziwi homeomofiki?

Mwanagenzi: Ndugu wanajukwaa, teoremu ya Cantor, Schröder na Bernstein inasema kwamba seti mbili zikiweza kuingizwa moja ndani ya nyingine bila nukta kugongana, zina ukubwa uleule. Nilijaribu kuihamishia kwenye topolojia: nafasi mbili zikipachikana (kila moja ikiingizwa ndani ya nyingine bila kuchanwa), basi ni homeomofiki, yaani zina umbo lilelile kitopolojia. Nikaamini nimefaulu, hadi nilipoonyeshwa [0,1], yenye ncha zake mbili, na (0,1), isiyo nazo, ambazo hupachikana ingawa ya kwanza ni kompakti (kwa mstari: ina kikomo na ina ncha zake zote) na ya pili siyo. Uthibitisho wangu umevunjikia wapi, na ni masharti gani yangeuokoa?

Nukta7: Umevunjikia kwenye kuunga vipande, yaani pale unapotumia upachikaji mmoja kwa baadhi ya nukta na kinyume cha ule mwingine kwa zilizobaki. Chukua g(x) = (x+1)/3, inayoibana [0,1] ndani ya (0,1), na upande wa pili acha kila nukta ibaki ilipo. Sasa fuata ncha zilizoachwa nje: 0 huenda 1/3, kisha 4/9, kisha 13/27, na 1 huenda 2/3, 5/9, 14/27, misururu yote miwili ikielekea 1/2. Nukta hizo husogezwa hatua moja, zilizobaki haziguswi. Kila nukta imepata mwenzake, lakini majirani wa 0 wamebaki karibu na 0 ilhali yenyewe imerukia 1/3. Ajabu ni kwamba penye 1/2, ambapo ningetarajia vurugu, mwendelezo (nukta jirani kubaki jirani) upo.

Mwanagenzi: Nikidai basi kila picha (sehemu ambayo nafasi moja huijaza ndani ya nyingine) iwe wazi, yaani bila nukta za ukingo wake, na pia iwe imefungwa, yaani na nukta zote za ukingo wake?

Nukta7: Haitoshi, kwa kuwa unaunganisha vipande visivyo na mwisho, na muungano wa namna hiyo hubaki wazi bila lazima ya kufungwa. Mwanahisabati Kinoshita alitoa mfano wa kupinga mwaka 1953, tena wa nafasi kompakti.

Fundi Seti: Naongezea panapofaulu. Nafasi zenye nukta za idadi kikomo hazina tabu. Nafasi za metriki (zenye kipimo cha umbali) zilizo kompakti, ikiwa upachikaji wa pande zote mbili unahifadhi umbali, hulingana kabisa. Ninayoipenda zaidi ni ya manifoldi (nafasi ambazo kwa karibu hufanana na mstari, bapa au nafasi ya kawaida) kompakti, zilizoungana, zisizo na ukingo na zenye vipimo sawa: kwa teoremu ya Brouwer ya kuhifadhi uwazi picha huwa wazi, kwa ukompakti huwa imefungwa, na kwa kuwa nafasi imeungana, picha hiyo huijaza yote, hata upachikaji wa upande mmoja ukatosha. Usiuache ukompakti, maana diski iliyo wazi na diski hiyohiyo iliyotobolewa nukta moja hupachikana vizuri, na bado si homeomofiki.