Mojito bila pombe inanitokea juisi, nakosea wapi?

KikombeTupu
Wakuu, habari. Huu ni mwezi wa 8 tangu niache pombe, na sijutii. Ninachokosa ni kile kinywaji cha jioni: glasi inatoa jasho, barafu inagongana, unakunywa taratibu. Nikaamua kujitengenezea mojito bila ramu. Mnanaa kiganja kizima nikautwanga hadi ukalegea, ndimu 2, sukari vijiko 3, nikajaza maji ya soda. Nikapata juisi ya ndimu yenye majani, tena chungu. Dakika 2 imekwisha na hamu iko palepale. Na old fashioned, ile kokteli ya wiski, je, inawezekana au niisahau tu?

TangawiziMbichi
Mkuu, umetoa ramu na mahali pake hujaweka kitu. Ramu ndiyo iliyokuwa inaunguza koo, inakata utamu na kukipa kinywaji uzito. Mimi natumia chai ya rangi: majani vijiko 2 vya chai kwenye nusu kikombe cha maji ya moto, dakika 8, nachuja, nalaza kwenye friji. Ule ukakasi unaukamata ulimi, ndio maana hutagugumia. Halafu nakuna tangawizi mbichi, nakamua kwa kitambaa, kijiko 1 cha chai kwa glasi. Hapo koo linapata habari yake.

NilikuwaKaunta
Nimeuza baa miaka 6, na huo mnanaa wako umenichoma moyo. Hautwangwi! Harufu yake imo kwenye vitezi vidogo juu ya jani. Bonyeza mara 3 au 4 inatoka. Ukilipasua jani unakamua uchungu. Kitawi kimoja kipige katikati ya viganja, kisimamishe ukingoni mwa glasi karibu na pua, maana kokteli huanza kunywewa na pua. Sukari ya chembe kwenye baridi haiyeyuki vizuri, pika shira, kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji. Maji ya soda yatoke friji na yaingie mwisho.

ChunguTamu
Old fashioned isahau, mkuu. Ile karibu yote ni wiski, ukiitoa unabaki na sukari na ganda la chungwa. Mimi nikitaka uchungu nachukua toniki, yale maji ya gesi yenye kwinini chungu, inatosha, naongeza shira niliyoichemsha na karafuu 3 na ganda la chungwa. Si wiski, ila inanyweka.

Jambo moja kwa mlioacha kabisa: yale matone machungu ya Angostura ya kutia ladha kwenye kokteli, wanayoyapendekeza kila mahali, yana pombe asilimia 44.7. Kwenye glasi ni kidogo mno, lakini mimi chupa yake siiweki nyumbani.

KikombeTupu
Nimerudi. Chai ya kwanza niliisahau dakika 20, ikawa shubiri, nikamwaga. Ya pili ilikaa sawa. Mnanaa nimeubonyeza tu, shira nimepika. Tangawizi ndiyo niliingia kichwakichwa, vijiko 2, nikakohoa hadi mke wangu akatoka chumbani na macho ya kuuliza nimerudia nini. Sikujitetea, nikampa glasi. Akanusa, akaonja, akanusa tena, akaondoka nayo.

Natengeneza nyingine sasa hivi, kijiko 1.