Masomo saba au manane?

Hamjambo wazazi wenzangu. Binti yangu yuko kidato cha tatu hapa Kisumu na anataka udaktari. Juzi alileta fomu ya kuchagua masomo. Kwenye nafasi ya nane aliandika Kilimo, akafuta, akaandika Biashara, akafuta tena hadi karatasi ikatoboka. Mwalimu wake anasisitiza manane. Mimi najua gredi ya KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) hutokana na masomo saba, na KUCCPS (wanaopangia wanafunzi nafasi za vyuo) huangalia manne ya kozi: Baiolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, kisha Kiingereza au Kiswahili. Fizikia inamtoa jasho lakini hataki kuiacha (kichwa ngumu kama babake). Sasa hilo la nane ni akiba au mzigo? Waliopitisha watoto huko, mlifanyaje? Fomu inarudi Jumatatu.