Darasa la jioni laki nne na nusu au kozi za bure? Niko Dodoma, mwisho Ijumaa

kijana_nkuhungu
Habari wakuu. Nina laki nne na nusu, nimeidunduliza tangu Januari. Nataka nipande kiwango kwenye kuprogramu maana naona nimekwama palepale. Kuna darasa la jioni hapa mjini, miezi mitatu, wanataka hela yote na kujiandikisha mwisho Ijumaa. Au nichukue kozi za video za kulipia, au nibanane na za bure tu. Mnanishaurije?

BintiMgogo
Mkuu umekuja kama mtu anaenda duka la dawa anasema "naumwa" halafu ananyamaza. Lugha gani? Una saa ngapi kwa siku? Umekwama wapi hasa?

Fundi_Sava
Na laptopu ina RAM ngapi, ile kumbukumbu yake ya kufanyia kazi.

zabibu_kavu
CS50, kozi ya kuprogramu ya Harvard mtandaoni, mjadala ufungwe. Bure kabisa. Mwanzoni tu unaandika lugha ya C unaambiwa uchore piramidi ya gemu la Mario kwa alama za reli, ile # ya kwenye simu. Mimi ilinitoa jasho siku mbili, piramidi inaegemea kushoto badala ya kulia, kila mstari nafasi zimekaa kinyume. Siku ilipokaa sawa ndo nikaelewa lupu ndani ya lupu, yaani amri ya kurudiarudia ndani ya nyingine, na chuo nilishafaulu hiyo kitu kwa B+ 😂

MzeeWaKodi
Kijana nisikilize. Mwaka juzi nililipa darasa la namna hiyo, jina silitaji. Mwalimu anaandika kwenye projekta sisi thelathini na kitu tunanakili, umeme ukikatika tunanakili kwenye daftari, sikutanii, daftari la lugha ya PHP ninalo mpaka leo. Wiki ya mwisho ule "mradi" wote tukapewa faili moja tubadilishe jina la duka tu. Cheti nikapata, muhuri mzuri. Nikaaminiwa na jamaa wa hadwea Majengo nimtengenezee mfumo wa wadeni wake. Namba za simu nikaziweka kwenye kanzidata kama tarakimu badala ya maandishi, sifuri ya mbele ikaliwa kwa wateja wote, 0754 imekuwa 754, meseji za kukumbusha deni haziendi. Jamaa ananipigia saa nne usiku, namjibu mtandao unasumbua. Miezi mitatu yote hakuna hata mtu mmoja aliyesoma nilichoandika akaniambia hapa umekosea kwa sababu hii. Hicho ndo cha kulipia, sio kiti.

BintiMgogo
Hapo kwenye kukosolewa umegonga penyewe. 1993 mwanasaikolojia Ericsson na wenzake walichunguza wanafunzi wa fidla Berlin, wale wazuri zaidi ndo waliokuwa wamelimbikiza saa nyingi za kujifungia peke yao na mazoezi. Na sio kupiga wimbo unaoujua tayari. Ukitengeneza fomu ya kulogini mara ya ishirini hujafanya mazoezi, umefanya kazi. Ingia Exercism, tovuti ya mazoezi ya kuprogramu, bure, unatuma zoezi, mtu anayejitolea anakusomea anakurudishia. Mimi moja nilirudishiwa mara nne, nikanuna kabisa, ya tano nikaona mistari arobaini imebaki tisa.

zabibu_kavu
Fidla na Python wapi na wapi. Zile saa elfu kumi za mazoezi eti ndo unakuwa bingwa?

BintiMgogo
Elfu kumi sijaitaja. Hiyo ilivumishwa baadaye, na Ericsson mwenyewe alilalamika kuwa alisomwa vibaya.

Fundi_Sava
Siku hizi unaiuliza tu akili mnemba inakuandikia, mnajitesa.

MzeeWaKodi
Sifuri zikiliwa itapokea simu yeye?

mtaa_wa_Makole
Mzee, jina lako nilidhani we ni TRA, wakusanya kodi, kumbe ni kodi ya kompyuta 😅 Kwa nini tusiseme msimbo?

MzeeWaKodi
Msimbo sema wewe kwenye usaili. Kazini kila mtu anasema kodi, mhasibu akisikia anashtuka, basi.

mtaa_wa_Makole
Ndo lugha inavyokufa hivyo hivyo.

kijana_nkuhungu
Samahani wakuu nilikuwa kazini Mtumba. PHP kidogo na Python. Nina muda kuanzia saa mbili usiku, natumia bando la simu. RAM 4. Mi ni IT ofisini ila kazi yenyewe ni kubadilisha tona na kurudisha paswedi za mabosi. Shida yangu, nikifuata video kila kitu kinakubali. Nikiifunga nianze mwenyewe, faili tupu tunatazamana tu.

BintiMgogo
Sasa ndo umesema mdogo wangu. Chukua kitu ulichotengeneza na video, kifute, kiandike upya bila kuangalia. Ukikwama usikimbilie video, andika kwanza kwenye karatasi ulitegemea nini kitokee na kimetokea nini. Hilo halihitaji laki nne.

zabibu_kavu
Na CS50.

Fundi_Sava
RAM 4 ukifungua Chrome na VS Code ya kuandikia programu inapumua kama daladala ya Kisasa. Anzia hapo.

kijana_nkuhungu
Jamaa wa darasa kanipigia sasa hivi, eti nikilipa leo anashusha mpaka laki nne.

MzeeWaKodi
Muulize mtakuwa wangapi, na nani atasoma kazi zenu.

kijana_nkuhungu
Kasema "hamtakuwa wengi". La pili simu ikakatika.

Fundi_Sava
Ninayo RAM ya DDR3 ya 4GB imetoka kwenye HP, niko Area C, njoo inboksi.