Wauza muvi, nani aliwaambia kila katuni ni ya watoto?

Wadau, nimekasirika na leo siandiki kwa upole. Yule kijana wa duka la muvi akipita hapa, ajue ni yeye nasema.

Likizo ya Agosti nilipita kwa duka moja karibu na soko la Mutindwa, Umoja, hapa Nairobi, nikampa flashi ya GB 32. Nilimwambia hivi, neno kwa neno: "Niwekee katuni za mtoto wa miaka saba. Ziwe safi, mchana kutwa anashinda na shosho yake." Akasema sawa boss. Akabonyeza bonyeza, akachukua shilingi 150, akanirudishia flashi. Ndani kuna folda imeandikwa WATOTO kwa herufi kubwa. Mimi nikaamini folda. Nikaipeleka kwa dadangu Donholm, nikachomeka kwa TV, nikashika njia nikijiona mjomba kwelikweli.

Humo kwa WATOTO, kati ya nguruwe wa kuimba na magari yenye macho, alikuwa amenitilia misimu mitatu mizima ya BoJack Horseman.

Kwa wasioijua: ni katuni ya watu wazima, ilianza Netflix Agosti 2014, ikaisha Januari 2020, misimu 6. Picha yake ya mbele ni farasi aliyevaa sweta, na nina hakika hapo ndipo utafiti wa kijana ulipoishia. Farasi mwenyewe alikuwa nyota wa kipindi cha familia miaka ya tisini. Sasa amebaki na nyumba kubwa mlimani, chupa, na orodha ndefu ya watu aliowaumiza. Wanyama na binadamu wanaishi pamoja na hakuna anayeshangaa. Wakala wake ni paka wa rangi ya waridi, na kuna wakati huyo paka anatoka na "mwanamume" ambaye ni watoto watatu waliopandana mabegani ndani ya koti refu. Anayeona ni farasi peke yake. Herufi D ya bango la Hollywood inaibwa, basi mji unaitwa Hollywoo kuanzia siku hiyo na watu wanaendelea na shughuli zao. Mimi nimeicheka usiku hadi jirani akanigongea ukuta. Lakini ni kicheko cha mtu ambaye ameshawahi kuamka saa tisa usiku akikumbuka alichomfanyia mwenzake. Mtoto wa miaka saba amemfanyia nani nini?

Msimu mmoja hapo mwanzoni ni sehemu 12, kila moja kama dakika 25. Mtoto akiwa likizo anamaliza msimu kwa siku mbili na bado anapata nafasi ya kucheza kati.

Jumamosi iliyofuata nikawapitia na mkate na maziwa. Naingia, nyumba kimya. Mama yangu, yule shosho mwenyewe, yuko kwa kochi, sinia la managu mapajani, anachambua. Mtoto amekaa kwa zulia, pua karibu iguse kioo. Nikatupa jicho kwa TV, tumbo likanikata. Msimu wa 3, sehemu ya 11. Walioiona wanajua. Sarah Lynn, aliyeigiza mdogo kati ya mayatima watatu ambao farasi alikuwa akiwalea katika kile kipindi chake cha zamani, ameshakuwa mtu mzima. Yeye na farasi wametoka kwa ulevi na dawa za wiki kadhaa, sasa wameketi ndani ya ukumbi wa kuonyesha nyota, giza, mataa madogo madogo juu. Farasi anaongea. Anamwita jina. Anamwita tena.

"Anko," mtoto akaniuliza bila kugeuka, "mbona huyo dada hajibu?"

Nikaanza kutafuta rimoti. Ilikuwa chini ya kile kitambaa cha kufuma cha mama, sikuiona upesi, na mtoto akaendelea: "Ama ataamka kwa ile ingine?"

Hapo ndipo pananiuma hadi leo. Katuni zote anazojua huyu mtoto, mtu akiangukiwa na jiwe anabapa kama chapati, kisha anajipuliza kidole na kusimama. Kila sehemu inaisha watu wakikumbatiana. Na hiyo ndiyo hadithi yenyewe ya BoJack: kile kipindi chake cha zamani kilikuwa cha namna hiyo, kila tatizo linakwisha kwa nusu saa, halafu mataa yanazimwa na yeye anarudi nyumbani ambako hakuna kinachokwisha kwa nusu saa. Mtu mzima anaelewa utani huo, unamchoma vizuri. Mtoto anangoja tu Sarah Lynn aamke. Alingoja sehemu ya 12 yote, aliniambia mwenyewe, kwa sababu mimi na ujinga wangu niliacha flashi palepale nikaenda jikoni kuweka maziwa.

Mama naye hakuwa ameona ubaya. Kwake kilikuwa kitu cha farasi. Alitupa mashina ya managu kwa karai akasema: "Huyo mnyama anakunywa kama marehemu mjomba wako. Na kuomba msamaha, anaomba vilevile." Kisha akanitazama. "Ni nani alileta hii?"

Dadangu alivyorudi kazini jioni, alinipigia simu. Yale aliyosema siyaandiki hapa.

Jumatatu nikarudi dukani. Nilitarajia hata pole moja. Wapi! Kijana anatafuna miwa, ananiambia: "Boss, katuni ni katuni." Nikamweleza ulevi, madawa, mtu kufa. Akasema, "Lakini mtoto aliipenda?" Na swali hilo lilinishinda nguvu, kwa sababu ndiyo, aliipenda. Kuna sehemu moja msimu wa 3 ambayo karibu yote haina maneno. Farasi anaenda mji wa chini ya bahari akiwa na kofia ya kioo kichwani, anajikuta anahangaika kumrudisha mtoto wa farasi-bahari kwa babake, na mwishoni kabisa ndipo anagundua kofia ilikuwa na kibonyezo cha kuongea muda wote huo. Mtoto ameiangalia mara nne. Anaichora kwa daftari la hesabu. Kitu ni kizuri, hilo sikatai, na ndiyo maana nakasirika zaidi: kimetengenezwa kwa ufundi mkubwa kwa ajili ya watu wazima, halafu mtu anakitupa kwa folda ya nguruwe.

Eti anibadilishie. "Chukua hii, iko na watoto wa shule, hawa wenye kofia za sufu." Wadau, alikuwa amenyooshea kidole South Park! Humo kuna mtoto wa jaketi la rangi ya chungwa ambaye misimu ya mwanzo anauawa karibu kila sehemu. Nikakataa. "Basi hii ya mvulana na babu yake mwanasayansi." Rick and Morty, nayo ya watu wazima! Nikatoka kabla sijamwambia kitu cha kunipeleka polisi.

Na msinianzie na mambo ya wizi wa kazi za watu. Najua. Nilinunua nakala ya magendo na sina pa kujificha. Nakala rasmi ingekuwa na alama ya umri, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ina zake, GE (ya kila mtu), PG (mzazi aongoze), 16 na 18. Flashi ya Mutindwa haina alama yoyote isipokuwa jina la folda. Kinachonichekesha kwa uchungu ni kwamba Juni 2017 bodi hiyo hiyo ilipiga marufuku katuni sita za watoto, The Loud House na Adventure Time zikiwemo. Nchi nzima ikabishana. Na huku kwa kibanda, farasi mlevi anauzwa kando ya chaja za simu, na hakuna anayeuliza kwa sababu amechorwa.

Siombi muwe mahakimu wa filamu. Fungua faili. Angalia dakika tano. Tengeneza folda moja uiandike KATUNI ZA WAKUBWA, nitakuwa mteja wako wa kwanza na nitalipa mara mbili.

Mwenye kujua duka la upande wa Eastlands lenye mtu anayeangalia anachouza aniandikie hapa chini. Shilingi zangu 150 bado anazo yule kijana. Mtoto nimemwambia Sarah Lynn haamki, akanyamaza, akaniuliza kama farasi alimzika. Na jana mama amepiga simu kutaka kujua msimu wa nne unauzwa pesa ngapi.