Mjadala: Hip hop ya Nyanda za Juu Kusini iwe na tuzo zake, au tuendelee kusubiri za Dar?

MWANZISHA MADA (Mwanjelwa, Mbeya)

Wakuu, naleta hii mezani bila kuzunguka. Kila orodha ya washindi wa tuzo za taifa ikitoka, vijiwe vya Kabwe na Mafiati vinawaka siku mbili tatu: tumeibiwa, jopo lina watu wao, kura zimechakachuliwa. Baada ya hapo tunarudi kwenye mpira. Mimi hilo la kuibiwa limenichosha, maana ukimuuliza anayelalamika ni nani hasa wa huku kwetu aliyeibiwa, anaanza kukuna kichwa. Hana jina. Hata kwenye kinyang'anyiro hatukuwa na mtu.

Wadogo zetu niwakumbushe kidogo. Tuzo za Kili, zile za muziki za taifa, zilianza 1999, zikaenda mpaka 2015, zikasimama. Baadaye serikali kupitia BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ikazirudisha kwa jina la Tanzania Music Awards, na sherehe ya kurudi kwake ikafanyika Dar Aprili 2022. Sasa tazameni msanii bora wa hip hop kwenye Kili nne za mwisho. 2012 alichukua Roma, Tanga. 2013 Kala Jeremiah, Mwanza. 2014 Fid Q, Mwanza tena. 2015 Joh Makini, Arusha. Wote hao ni watoto wa mikoani! Kwa hiyo wimbo wetu kwamba Dar inawabania watu wa mikoa haupandi. Mikoa imebeba mfululizo, ni mikoa yetu tu iliyokuwa inapiga makofi.

Na si kwamba hatuna historia. Sugu, mchanaji wa Mbeya, alikuwa na albamu sokoni kabla hizo Kili hazijazaliwa. Iringa ilimtoa Mike T, akatembea na jina la Mnyalu, yaani mtu wa Iringa, bila kuona haya. Izzo Bizness kaibeba Mbeya mgongoni miaka mingi. Baada ya hapo? Vijana wanaochana wamejaa Ilomba, Soweto, Mlandege, Makambako, lakini nje ya mitaa yao hakuna anayewajua.

Pendekezo langu: tuwe na tuzo zetu za hip hop, Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe, Rukwa. Agombee anayeishi huku na kurekodi huku. Waamuzi wawe maprodyuza, watangazaji na wachanaji waliostaafu. Kura za simu zisiwepo kabisa. Nasubiri kupingwa.

MNYALUKOLO WA KIHESA

Kamwene. Nakupinga, tena asubuhi asubuhi.

Unachotaka kuanzisha ni tuzo za huruma. Mtu akishinda msanii bora wa Nyanda za Juu Kusini, prodyuza wa Dar atamuuliza swali moja tu: ulimshinda nani? Halafu pesa. Kili ilikuwa na kampuni ya bia nyuma yake na bado ilikatika, miaka sita hazikufanyika. Ya kwako itasimama na nani? Nakutabiria kabisa: mwaka wa kwanza atajitokeza mfanyabiashara wa mbao Mafinga, atatoa hela, tutamshangilia. Mwaka wa pili chipukizi bora atakuwa mpwa wake.

DOGO WA ILOMBA

Braza Mnyalukolo umenivunja mbavu, ila ngoja nikwambie kitu kama mtu ninayechana. Hiyo tuzo yenyewe wala si ya kuweka kabatini. Sisi huku hatuna mtu wa kutuhukumu. Naandika mistari, narekodi, narusha kwenye status, wana wananiandikia "moto sana". Wote wanaandika "moto sana", hata wale ambao najua hawajafungua. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia ubeti wa pili umelegea, vina vyako vyote vinaishia "-ana", pumzi inakata kabla ya kiitikio. Hao wachanaji waliostaafu wakikaa wakanisikiliza na kunipa alama, hata nikiwa wa mwisho nimepata kitu.

Halafu tamasha kubwa likija mjini, sisi wa hapa tunapandishwa jioni ya mapema, uwanja una walinzi na wauza karanga. Ukiuliza, unaambiwa huna CV. Sasa CV inatoka wapi?

MTANGAZAJI, IRINGA (redio siitaji)

Naomba niongee kwa upande wa pili wa kioo, maana sisi ndio tunaolaumiwa.

Ngoma ninazotumiwa WhatsApp ni nyingi kuliko masaa ya kipindi. Nafungua nyingi kwa moyo mweupe kabisa. Kuna ambazo sauti imezama ndani ya biti kama mtu anachana yuko chooni. Kuna ambazo hazina jina la msanii wala namba ya simu, faili limeandikwa tu "mpya mwisho kabisa". Kuna kali kweli, lakini ubeti wa kwanza una matusi matatu, na TCRA, wale wasimamizi wa utangazaji, wakiniita siendi na wewe. Namwambia kijana niletee toleo safi, nipe jina la prodyuza, nipe maelezo yako mafupi. Wengi hawarudi. Wanaenda kusema namuonea.

La pili, watu hawalijui au wanajifanya hawalijui. Kwenye tuzo za taifa kazi inawasilishwa na msanii mwenyewe au uongozi wake. Hakuna mtu wa BASATA atakayepanda basi Dar, apite Kitonga, aje kukutafuta Ilomba. Usajili nao si lazima uende Dar, afisa utamaduni wa halmashauri yupo, ofisi yake ina mlango. Niliwauliza vijana waliokuja studio kwenye kipindi cha fristaili nani amesajiliwa. Walitazamana. Mtu ambaye hajasajiliwa, hajawasilisha wimbo, analalamikia matokeo ya tuzo. Mnataka nimsaidieje huyo?

Kwa hiyo kabla ya tuzo mpya, tujaze fomu za zile zilizopo. Tukikosa ndipo tuseme tumekosa.

KIJANA WA SOWETO

Na hela ya maji je, ile hongo ya kupigiwa ngoma redioni, mtangazaji? Hiyo mbona umeiruka?

MTANGAZAJI, IRINGA

Nilijua itakuja. Ipo. Sitasema haipo, nitaonekana mwongo. Wapo wenzetu wanaopokea, na wapo vijana wanaokuja na bahasha kabla hata sijasikiliza wimbo, kwa sababu wameshaambiwa ndivyo inavyokuwa. Mimi sichukui, lakini hapa hakuna njia ya kukuthibitishia, basi tuache. Ila ujue bahasha hiyo hiyo itakwenda kwenye jopo la tuzo zenu za mkoani. Tena huko itafika haraka zaidi, mwamuzi anakaa mtaa wa pili kutoka kwa msanii.

DADA WA TUKUYU

Ndaga fijo mwanzisha mada, lakini nisome tena pendekezo lako: maprodyuza, watangazaji, wachanaji waliostaafu. Hebu nitajie mwanamke mmoja atakayekuwepo kwenye meza hiyo. Nasubiri.

Mimi nimechana nikiwa sekondari, nikachana chuoni Mbeya, nikaacha. Sikuacha kwa kukosa mistari. Mashindano yote ya fristaili niliyoyajua yalikuwa baa, yanaanza saa nne usiku, na zawadi unapewa na mtu mwenye chupa mkononi ambaye anataka kukusindikiza. Nyumbani baba ni mzee wa kanisa. Mwenzangu mwenye sauti ya kuimba alipewa kwaya, mazoezi saa tisa mchana, sare wanashonewa, kanisa linawakodia gari mpaka Kyela. Sisi wenye midomo ya kuchana tungekwenda wapi? Mnashangaa kwa nini ukanda huu unatoa waimba injili kila leo na wachanaji wa kike hawaonekani. Injili ina ukumbi, ina ratiba, ina watu wazima wanaoisimamia.

Tuzo zianze, zisianze, mimi sina ugomvi. Lakini mkifanya usiku baa mtapata washindani wale wale wanaume kumi mnaojuana.

MWANA WA SOKOINE

Wote mnazunguka. Tatizo ni sisi mashabiki.

Msimu wa 2013/14 Mbeya City ilipopanda ligi kuu, nani aliyetuambia tujaze uwanja wa Sokoine? Hakuna. Watu walitoka Mbalizi, walitoka Tunduma, wengine wakaifuata timu mpaka Dar na bendera zao za zambarau, na timu ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Tuliamini kilicho chetu ni kikubwa, kikawa kikubwa. Sasa niambieni mchanaji wa hapa anayejazwa hata ukumbi mdogo. Mkoa wa Mbeya peke yake sensa ya 2022 imehesabu zaidi ya watu milioni 2.3. Kwa idadi hiyo, kura za mtandaoni tungezitawala kama kweli tungekuwa tunawasikiliza watu wetu. Ingieni kwenye bajaji yoyote kutoka Kabwe hadi Uyole, sikilizeni kinachopigwa. Amapiano, singeli, injili. Mchanaji wa Ilomba hata jirani yake hamjui.

Na ninyi wachanaji nanyi mna lenu. Joh Makini alijiita Mwamba wa Kaskazini, nchi nzima ikamwita hivyo. Watu wa Arusha walichana Kiarusha cha mtaani mpaka Dar wakaanza kukiiga. Vijana wetu wakishika maiki wanachana kama wamezaliwa Sinza ya Dar, wengine kama wamezaliwa Atlanta. Baridi ya Juni haimo, soko la Mwanjelwa lililoungua halimo, malori ya Tunduma hayamo. Kwa nini nikupigie kura wewe niache kumpigia mtu wa Sinza mwenyewe?

KAKA WA NJOMBE

Umesema kweli, lakini hilo la mashabiki ni nusu tu. Sisi wa viazi tunaijua lumbesa. Unajaza gunia mpaka linaota kichwa, mnunuzi anakulipa bei ya gunia moja, faida inaonekana Dar. Na vipaji ni hivyo hivyo. Rayvanny ni wa Mbeya, alianza kwa kuchana. 2017 alichukua tuzo ya BET Marekani, lakini kwa kuimba, akiwa ameshahamia Dar, chini ya lebo ya Dar. Simlaumu hata kidogo, ningekuwa mimi ningepanda basi la alfajiri. Nasema tu, kwenye hesabu za muziki ile tuzo haikuacha studio hata moja Mbeya.

MNYALUKOLO WA KIHESA

Kaka wa Njombe, hapo hapo ndipo pendekezo linapoanguka. Agombee anayeishi huku, sawa. Dogo akishinda Machi, Aprili amehamia Dar. Mwaka unaofuata mnamfuta? Izzo akitaka kugombea mnamkatalia Mbeya, Izzo? Mtakuwa mmeanzisha tuzo za wale ambao hawajapata nauli.

MWANZISHA MADA

Hahaha, hiyo ya nauli imenipata. Nijibu kwa mafungu.

Dada wa Tukuyu, uko sahihi na pendekezo nalibadilisha hapa hapa: mchana, ukumbi wa shule au chuo, pombe hakuna, na meza ya waamuzi isiwe ya wanaume watupu. Na wewe jina lako naliandika la kwanza, usinikimbie.

Mtangazaji, usajili na fomu nakubali, lakini hiyo si sababu ya kuacha, ndiyo njia yenyewe. Kila anayetaka kugombea kwetu awe amesajiliwa, alete toleo safi na maelezo yake. Wakishajifunza kwetu, fomu ya taifa watajaza wakiwa wamefumba macho. Kuhusu bahasha: alama za kila mwamuzi zibandikwe hadharani na jina lake, wimbo kwa wimbo. Ukimpa mpwa wako kumi, mtaa mzima uone kumi yako. Kura za simu siziwezi, hilo sibadiliki. Kwenye kura za simu anashinda mwenye wafuasi tayari, na huyo hatuhitaji kumtafuta.

Mnyalukolo, swali lako "ulimshinda nani" ni zuri, ila lina dharau ndani yake. Nani alimuuliza Sugu alimshinda nani? Wapiga kura wa Mbeya Mjini walimpa ubunge 2010, wakampa tena 2015, na Dar ikalazimika kumwita mheshimiwa. Kilichokubaliwa nyumbani kina uzito wake.

KIJANA WA SOWETO

Na 2020 wakamnyima. Usimalizie hadithi katikati.

MWANZISHA MADA

Siasa ina mada yake, usinitoe relini. Anayeishi huku namaanisha aliyerekodi huku mwaka huo. Izzo akija kurekodi Mwanjelwa, karibu, studio ya hapa itakuwa imepata kazi. Anayehama baada ya kushinda aende salama.

MNYALUKOLO WA KIHESA

Hapo umenisogeza kidogo. Kidogo. Kurekodi huku nakubaliana nako, maprodyuza wa Iringa wananyanyasika. Bado sijaona hela inatoka wapi, na alama za hadharani zitaleta ngumi. Halafu sherehe yenyewe itafanyika wapi? Maana nakuona unaandika "Mbeya, Iringa, Njombe" kwa mpangilio huo huo kila mara.

MWANA WA SOKOINE

Mbeya ndiyo jiji. Hilo nalo la kujadili?

MNYALUKOLO WA KIHESA

Basi andaeni za Mbeya, msiseme za Nyanda za Juu Kusini.

KAKA WA NJOMBE

Makambako. Barabara zote zinakutana pale, na TAZARA inapita. Mnagombana bure.

DADA WA TUKUYU

Makambako Juni mtachana mmevaa blanketi.

DOGO WA ILOMBA

Popote nakuja. Mwisho wa kutuma ngoma lini?

MWANZISHA MADA

Dogo, bado hatujakubaliana hata kama tuzo zitakuwepo, wewe unauliza tarehe. Anza na afisa utamaduni.