Majirani Mkwajuni 🏘️ Kikundi Rasmi

Alhamisi

[18:52] Mama Rukia: Assalam aleikum majirani. Narudia kwa mara ya mwisho. Hamisi wetu wa ambulensi yuko likizo, Jumatatu arudi Nairobi. Jumamosi baada ya Alasiri atatufundisha kuzuia damu, uwanja wa madrasa. Kila nyumba shilingi 200 za bandeji, glavu na ile mikanda maalumu ya kubana damu. Nani yuaja?

[19:04] Mama Rukia: Naona mumesoma.

[19:20] Juma Boda: 📹 Video · imesambazwa mara nyingi

[19:20] Juma Boda: Oneni hii. Risasi zalia ndani, wa ambulensi wamesimama nje. Hiyo ndiyo kazi yako Hamisi? 😅

[19:26] Bi Mwanaisha Duka: Kama usiku ule. Taa zawaka pale kona ya msikiti, gari halisogei, Mwakio yuko chini.

[19:27] Mama Rukia: Bi Mwanaisha tafadhali. Leo ni mafunzo.

[19:28] Bi Mwanaisha Duka: Nasema tu. Na pesa za taa ya barabara pia hatujaambiwa zilikwenda wapi.

[19:33] Hamisi: Juma, hao wangoja polisi wawaambie pa kupita. Ndani aliko mwenye bunduki ni polisi peke yao. Nje kabisa ndiko kuliko na ambulensi na daktari. Kuna na kati: polisi washapita ila hapajawa salama. Hapo kati ndipo watu wa kazi yetu wabishana miaka yote.

[19:34] Otieno Nyumba ya Kijani: Wanabishana nini?

[19:41] Hamisi: Zamani amri ilikuwa moja, ngoja mpaka kote kuwe salama. Shule ya Columbine, Marekani, 1999, mwalimu mmoja, Dave Sanders, alipigwa risasi kabla ya saa sita mchana. Waliokuwa naye wakaandika ubao wakauweka dirishani, kwamba humu kuna mtu anavuja damu anakufa. Alikaa hivyo zaidi ya masaa matatu. Hakutoka hai.

[19:44] Hamisi: Baada ya hapo miji mingine ikabadili. Arlington kule Virginia walikuwa wa mwanzo. Wahudumu wachache huvaa fulana za kuzuia risasi, wakaingia hapo kati wakiwa wamezungukwa na polisi. Hawakai kutibu. Hufunga damu, humuweka mtu apate kupumua, humtoa.

[19:45] Baba Swaleh: Nipeni fulana hiyo niingie mimi

[19:45] Otieno Nyumba ya Kijani: Saizi yako haijashonwa 😂

[19:46] Juma Boda: Mkanda wake wa suruali watosha kufunga damu mtaa mzima 😂😂

[19:46] Baba Swaleh: Yakhe wewe nenda kanilipe mafuta yangu

[19:49] Hamisi: Mkanda wa suruali huteleza, haubani hata ukivuta vipi. Kama huna ule maalumu, chukua kitambaa kipana na kijiti imara, ufunge juu ya jeraha, usonge mpaka damu isimame. Usifunge kwenye goti wala kiwiko. Andika saa uliyofunga. Na usifungue, hata akikulilia.

[19:50] Juma Boda: Na Westgate je?

[19:55] Hamisi: Lile duka kubwa la Nairobi, 2013, Jumamosi mchana walipovamia wenye bunduki. Wa kwanza kuingia walikuwa askari wachache wasio na sare, na raia wenye leseni ya bunduki. Majeruhi wengine walitolewa kwa vitoroli vya dukani. Watu 67 walikufa. Hoteli ya DusitD2, Nairobi pia, 2019, mmoja wa washambuliaji alianza kwa kujilipua. Ndiyo maana twauliza kwanza kama kuna bomu la pili, kabla hatujateremka garini.

[19:56] Mama Rukia: Asante Hamisi. Majina ya Jumamosi sasa.

[20:02] Hamisi: Jambo moja Mama Rukia. Ukifika penye majeruhi wengi, anayepiga kelele ana pumzi. Mwendee aliyenyamaza.

[20:03] Mama Rukia: Basi humu kikundini mahututi ni wengi.

[20:03] Otieno Nyumba ya Kijani: 😂😂 Mimi nakuja

[20:10] Bi Mwanaisha Duka: Hamisi mwanangu. Mshipa wa paja ukikatika, mtu ana muda gani?

[20:14] Hamisi: Dakika chache tu, Bi. Akivuja kwa nguvu hata tano huenda asizifikishe.

[20:15] Bi Mwanaisha Duka: Lile gari lilikaa robo saa.

[20:17] Otieno Nyumba ya Kijani: Polisi hawakuwa wamefika. Hao vijana pia wana watoto.

[20:17] Bi Mwanaisha Duka: Na Mwakio hakuwa nao?

[20:18] Juma Boda: Haya yameanza 🙆🏾‍♂️

[20:31] Mzee Bakari: Nimesoma yote. Hamisi wakati ule alikuwa angali avaa kaptura ya shule, musimuulize yasiyo yake. Gari lilikuwa kona. Sisi tulikuwa milangoni. Mwakio aliita majina, mmoja mmoja, na kila aliyeitwa alisikia. Gari lile musilitaje tena humu.

[21:47] Bi Mwanaisha Duka: Ujumbe huu umefutwa

[21:52] Mama Rukia: Tumesikia mzee wetu.

[22:06] Mama Rukia: Jumamosi basi, Alasiri. Otieno yuaja. Mzee Bakari nitamtumia kijana amchukue. Wengine?

Ijumaa

[06:15] Mama Zawadi: Habari za asubuhi, nimetoka zamu sasa hivi. Ni mkutano wa nini? Jumamosi si ndiyo arusi ya kina Swaleh?

[06:40] Baba Swaleh: Ndiyo. Kadi tulituma.

[06:41] Mama Rukia: Arusi ni usiku.

[06:43] Baba Swaleh: Viti vya madrasa nishavikodi tangu asubuhi

[07:02] Mama Rukia: Tutakaa mkekani. Mkoba wa bandeji utakaa dukani kwa Bi Mwanaisha, ndiko karibu na geti.

[07:30] Bi Mwanaisha Duka: Duka hufungwa saa tatu usiku.

[07:31] Hamisi: Ukae mahali ambapo mlango hufunguliwa usiku.

[08:12] Mama Rukia: Waliolipa mpaka sasa ni Hamisi na mimi.

[08:13] Juma Boda: Hamisi ndiye mwalimu na bado alipa? 😂

[08:20] Mama Rukia: Juma, 200.